Giza la Bure

Jumanne, tarehe 3 Machi

Mvua haijafika lakini magoti yangu yameshapata habari zake.

Leo Chiriku amehamia Tanuri na begi lake. Atalala kwenye mabweni ya kule mpaka majaribio ya msimu huu yaishe. Mimi nimezoea kusema, na aliyekuwa akinisikiliza ameondoka, kwa hiyo nitaliambia daftari. Likichoka lifunge masikio.

Shule sikuiona hata mlango wake. Herufi hizi nilifundishwa na huyo Chiriku mwenyewe, mjukuu wangu, akiwa darasa la pili. Alikuwa akirudi mchana ananiketisha jikoni, anachora "a" sakafuni kwa kipande cha mkaa, na nikikosea ananigonga vidole kwa mwiko. Mwalimu mkali kama yule sijapata kumwona. Mama yake, mwanangu wa pekee, aliniachia akiwa bado anatambaa, akaenda kutafuta maisha. Hakurudi, tulirudishiwa nguo zake. Basi nikamlea kwa uji na matusi, na hakunyamaza tangu jino la kwanza lilipotoka. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Chiriku.

Tanuri ni jina letu sisi. Kwenye ubao wa getini wameandika maneno marefu kuhusu utafiti wa nishati. Ndani mna mashine ya mviringo yenye tundu katikati, kama kata ya kubebea mtungi kichwani, ila ni kubwa kuliko nyumba. Humo wanachemsha hewa mpaka iwe moto kuliko jua, ili vile viini vidogo vya ndani kabisa, vinavyokimbiana kama wake wenza, vigongane na kuungana. Vikiungana vinatoa joto, na Chiriku anasema jua lenyewe linawaka hivyo. Nilimwuliza vinahitaji moto kiasi gani mpaka vipatane. Aliponitajia nikamwambia mimi na babu yako tulihitaji zaidi.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

King'ora cha kwanza cha msimu.

Kabla ya kila jaribio wanajaza betri zao, na betri zao zinakunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka kiangazi. Waya wao ndio waya wetu. Tukiwa tumewasha vyetu, laini nzima inakatika na jaribio linakufa. Kwa hiyo king'ora kikilia tunazima kila kitu mpaka kilie tena. Serikali ilipokuwa ikilipa, walijaribu kwa nadra, kwa hiyo na sisi tulipumua. Sasa serikali imechoka, ameingia mfadhili, kampuni ya watu wenye fedha zao, na mwenye fedha hana subira.

Aliyeushawishi mtaa ni mimi. Chiriku alinijia akasema, sisi wa makoti meupe hawatatusikiliza, bibi, wewe watakusikiliza. Akanipa na ahadi ya kubeba: siku jua la Tanuri litakapowaka sawasawa, mtaa wetu utakuwa wa kwanza kupewa umeme wake, tena bure, kabla ya mawaziri na kabla ya mahoteli. Nikaibeba mlango kwa mlango. Tangu hapo naitwa Bibi Zima. King'ora kikilia natoka na mwavuli wangu, nagonga, zima, zima. Mama Barafu, anayesomesha watoto wake kwa friji mbili za kugandisha barafu, hunijibu kutoka ndani kwamba angeolewa na mwanamume mwenye sauti yangu, angekuwa mjane kwa kupenda.

Lakini anazima.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Imenyesha. Paa linavuja palepale pa mwaka jana. Lina kumbukumbu kuliko mimi.

Jumanne, tarehe 17 Machi

Seremala amekuja kuniona. Nyumba yake ndiyo ya mwisho bondeni, na pampu inayosukuma maji ya mtaro kuyapeleka mtoni iko ukutani kwake. Pampu ikilala, maji yanaingia kwake kwanza. Na ndani kuna mama yake, aliyepooza upande mmoja tangu mwaka juzi. Alianguka kitandani mara mbili, basi mwanawe akaikata ile miguu ya kitanda ikabaki shubiri, ili akianguka tena asiumie. Mimi kitanda kile nakiona kila ninapokwenda kumsuka nywele, na kila nikikiona namwombea dua yule kijana.

Alitaka kujua kama king'ora kikilia mvua ikinyesha, pampu inaweza kuachwa. Nikampigia simu Chiriku. Akasema haiwezekani, pampu ndiyo inayokula zaidi kuliko vyote kwenye laini, lakini ni muda mfupi tu, bibi, maji hayawezi kuwahi. Nikamweleza seremala hivyo hivyo. Akakuna kichwa. "Ukisema wewe, mama, basi," akasema. Halafu akaniambia nimsalimie yule mjukuu wangu mwenye kichwa kama tikiti, na nimkumbushe kwamba bado ana deni la kigoda chake alichokivunja akiwa na miaka sita.

Jumanne, tarehe 24 Machi

Malori mawili yameingia Tanuri na mizigo mikubwa iliyofunikwa turubai. Mama Barafu anasema mfadhili amejiletea choo chake.

Jumapili, tarehe 29 Machi

Chiriku amekuja kula. Zamani alikuwa anaongea na mdomo umejaa mpaka namrushia kitambaa. Leo alikula kama mtu anayefanya kazi ya kula. Tangu Februari wamemfanya mkuu wa majaribio, nikamchinjia kuku siku ile na nikacheza mpaka kiuno kikagoma, sasa naona ukubwa umemla ulimi. Nilimwuliza habari za mizigo ya turubai. Vifaa, akasema. Nikamwuliza vifaa gani, akasema vya kazi. Nikamwambia mke mwenzangu, hata babu yako alipokuwa akinidanganya alijitahidi zaidi ya hivyo. Akacheka. Nikafurahi kwamba amecheka, nikaacha.

Jumamosi, tarehe 4 Aprili

King'ora. Mvua. Zima.

Alhamisi, tarehe 9 Aprili

Nimegombana na Mama Barafu. Barafu yake imeyeyuka yote wiki hii, wateja wamehamia mtaa wa pili. Akanisimamia mlangoni mwangu, akasema jua la mjukuu wangu mpaka sasa limeyeyusha barafu yake tu. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia mtu mwenye macho mafupi asilaumu barabara kwa urefu wake. Nikamwambia mtoto yule anahangaika kwa ajili ya watoto wake yeye, na atakuja kumshukuru akiwa ameketi chini ya taa isiyolipiwa. Akaniangalia, akasema, "Haya, Bibi Zima." King'ora kilipolia, akaenda kuzima.

Jumatano, tarehe 15 Aprili

Mvua, king'ora, mvua. Nguo hazikauki. Mwavuli umevunjika mbavu.

Jumatano, tarehe 22 Aprili

Jana sikuandika. 

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana, ile ya kunyesha kama mtu anayedai. King'ora kikalia. Nikatoka, nikagonga milango, watu wakazima. Nikafika bondeni, seremala mwenyewe akashika swichi ya pampu, akaniangalia kwanza. Nikamwambia ni muda mfupi. Akaizima.

Kikalia cha kuwasha, na kabla hajafika kwenye swichi kikalia tena cha kuzima. Ikawa hivyo mchana wote. Baadaye tuliambiwa wageni wa mfadhili walikuwa ndani, wanataka kuona jaribio juu ya jaribio. Mimi nilikuwa nimesharudi kwangu, nimeketi gizani, najisifu kwamba mtaa mzima umenitii.

Nilisikia kelele za seremala. Nilipofika maji yalikuwa yananipita magoti, kahawia, yamebeba maranda na viatu vya watu. Alikuwa amesimama chumbani amemkumbatia mama yake kifuani kama mtoto, hajui pa kumweka. Godoro lilikuwa linaelea. Kile kitanda kifupi hakikuonekana kabisa. Mama wa watu alikuwa amelowa mpaka nywele nilizomsuka, meno yanagongana, na ule mkono wake mzima umeshika sikio la mwanawe, hauachii.

Tulimtoa tumemlaza juu ya mlango. Seremala aliung'oa mwenyewe kwenye bawaba zake, mlango alioutengeneza kwa mikono yake. Mama Barafu alishika mbele, sisi wengine nyuma, na njia nzima alikuwa akinitukana mimi, Tanuri, mvua na mababu zetu wote, na hakuyumba hata hatua moja. Tukamlaza kwangu, kitanda cha Chiriku. Na king'ora kilikuwa bado kinalia.

Leo kifua chake kinapiga mluzi. Muuguzi amekuja, amemdunga sindano, amesema tusubiri. Nilimpigia simu Chiriku. Haikupokelewa.

Ijumaa, tarehe 24 Aprili

Nimekwenda Tanuri mwenyewe. Nilitaka kuomba kitu kimoja tu, king'ora kisilie mvua ikinyesha.

Mlinzi wa getini ananijua, amekula kwangu mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Akanivutia kiti kwenye kibanda chake, akasema Chiriku yuko kwenye mkutano na wageni. Nikaketi. Mbele yangu, ndani ya uzio, nikaiona ile mizigo ya malori. Turubai limetolewa. Mashine mbili, kila moja ukubwa wa kontena, na nyuma yake mapipa yamepangwa vizuri chini ya paa la bati. Mapipa hayakuwa yamelowa hata kidogo.

Nikamwuliza ni nini. "Jenereta, bibi. Za mfadhili," akasema. Akaongeza kwa majivuno kidogo, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa tajiri wake, kwamba zile mbili zinatosha kujaza betri zote bila kugusa waya wa mtaani.

Nikamwuliza kama ni mbovu. Akasema ni nzima, zilijaribiwa siku ileile zilipoletwa.

"Basi Jumanne hazikuwashwa kwa nini?"

Ndipo akaelewa anaongea na nani. Akaangalia viatu vyake. Nikangoja. Mimi nikitaka kungoja, hata jiwe linasema.

"Dizeli ina bei, bibi," akasema polepole. "Mtaa ukizima, hakuna anayelipa. Wamesema maadamu watu wanazima, mafuta yawekwe akiba."

Nikamwuliza anayeamua ziwashwe au zisiwashwe ni nani. Akaenda kuchungulia geti. Nikamwuliza tena. Akasema ni mkuu wa majaribio.

Nilimshukuru kwa kiti. Sikumngoja mtu tena. Njiani nilipita dukani kununua chumvi na nikasahau chumvi.

Jumapili, tarehe 26 Aprili

Chiriku amekuja na dawa za kifua, za bei, ameziweka mezani. Akaenda chumbani kwake kuweka begi, akamkuta mama wa seremala. Alisimama pale mlangoni na begi mkononi kama mgeni asiyejua alale wapi.

Nikamwambia akae ale kwanza. Mtu mwenye njaa simgombezi, maneno yanapita tumboni patupu bila kushika. Nikamkaangia mayai. Nikangoja mpaka sahani ifike nusu.

"Jenereta zilikuwa zinafanya nini Jumanne?"

Kijiko kikasimama. Hakuuliza nimejuaje. Akaanza kunieleza, na kwa mara ya kwanza msimu huu akawa Chiriku wa zamani, maneno yanafukuzana. Serikali ilikuwa imeacha kuwalipa, mashine ilikuwa inashika kutu, watu wanaondoka mmoja mmoja. Mfadhili akaja akawaokoa, lakini amewapimia dizeli ya msimu mzima, na ikiisha basi imeisha. Msimu ukipita bila matokeo anaondoka na fedha zake, na kazi ya miaka yote hiyo inakwenda kuuzwa kama chuma chakavu. Waya wa mtaa haumgharimu mtu. Kwa hiyo yeye Chiriku anayaweka mafuta akiba kwa ajili ya majaribio marefu ya mwisho.

"Kila pipa ni jaribio moja, bibi."

"Na huyu aliyelala kitandani kwako ni mapipa mangapi?"

Akatazama mlango wa chumbani. Baadaye akasema hakujua maji yameingia. Nikamwambia mvua ilinyesha na kwenu. Akasema wageni walikuwa wamemsimamia begani. Nikamwambia na mimi nilikuwa nimemsimamia seremala begani, akazima pampu yake kwa mkono wake, kwa sababu nilimwambia mimi, kwa sababu uliniambia wewe.

Nilikuwa nimebakiwa na swali moja ambalo sikutaka kuliuliza. Nimekaa nalo siku mbili kama mfupa wa samaki. Nikamwuliza ile ahadi kwamba mtaa wetu utakuwa wa kwanza, aliitoa nani. Serikali? Huyu mfadhili?

Akasema aliamini kabisa kwamba wakifaulu ataweza kuwaomba wakubwa.

"Sijakuuliza uliamini nini."

Aliangalia sahani. "Niliitoa mimi," akasema.

Sikupiga kelele. Najishangaa. Nimempigia kelele mtoto huyu kwa kikombe kilichovunjika, kwa kiatu kilichopotea, kwa kurudi jua limezama, na leo sauti haikuja. Aliyenifundisha kuandika jina langu ndiye aliyenitia uongo kinywani, nikautembeza mtaani chini ya mwavuli nikijiona mtu. Nilimgombeza Mama Barafu kwa ajili ya uongo ule.

Nikachemsha maji, nikampa beseni na kitambaa, nikamwambia amwogeshe mama wa seremala, ni zamu yake. Akamwogesha. Alimwogesha vizuri, shingo, kwapa, katikati ya vidole, kama nilivyomwogesha yeye. Na yule mama, ambaye hajui lolote, akamshika shavu kwa ule mkono mzima, akasema neno lake moja linalosikika siku hizi. "Mwanangu."

Nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Jumatatu, tarehe 27 Aprili

Nimepita mlango kwa mlango. Mwavuli nimeuacha.

Nimewaambia wote maneno yaleyale: jenereta zipo, ni nzima, na ile ahadi niliyowaletea haikutolewa na mtu yeyote mwenye uwezo wa kuitoa. Nilidhani Mama Barafu atacheka mpaka majirani waje. Hakucheka. Aliketi juu ya friji yake, akaniambia hakuwahi kuliamini lile jua hata siku moja. Alikuwa akizima kwa sababu bibi kizee amemjia na mvua kichwani, na mama yake hakumlea kumrudisha bibi kizee na mvua yake.

Hilo ndilo lililoniliza, nikiwa nimeshafika njiani.

Seremala alikuwa anapiga randa. Hakusimamisha kazi. Akasema mimi sikujua. Nikamwambia sikujua, lakini mdomo ulikuwa wangu. Akapuliza vumbi la mbao, akasema pampu haitazimwa tena.

Alhamisi, tarehe 30 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mchana king'ora kikalia.

Mwili wangu uliinuka wenyewe. Nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo nikakumbuka. Nikarudi nikaketi kitandani karibu na mama wa seremala, mikono nimeikalia. Taa yetu ilikuwa inawaka. Ya jirani ilikuwa inawaka. Mtaa wote ulikuwa umewasha, hata watu ambao mchana hawawashi taa waliziwasha. Kule bondeni pampu ilikuwa inanguruma.

King'ora kikalia tena, kirefu. Kikakata. Pakawa kimya, kimya cha watu wanaoshauriana.

Kisha jenereta zikawaka. Moja, halafu ya pili. Ardhi ilitetemeka kidogo chini ya miguu, vikombe vikagusana kabatini. Watu wakatoka nje kwenye mvua, wakasimama wanasikiliza upande wa Tanuri.  Mwezi mzima na zaidi ile sauti ilikuwa mle ndani, imefunikwa turubai, na ilichukua muda wa mtu kuvaa viatu tu kuitoa.

Mama Barafu akasema, "Kumbe ni rahisi hivi." Akarudi kwenye friji zake.

Jumapili, tarehe 3 Mei

Mama wa seremala ameketi leo, amekunywa uji bila kupaliwa. Muuguzi anasema kifua kinasafika, ila asihamishwe bado.

Chiriku alikuja asubuhi, amekonda. Mfadhili amekasirika lakini hajaondoka. Dizeli inateketea na majaribio mengine yamefutwa. Hakunilalamikia. Akasema anataka kwenda kwa seremala kuomba radhi, na akaniomba nimsindikize nikaseme neno la kwanza.

Nikamwambia neno la kwanza nimeshalisema sana. Miguu anayo.

Akaenda peke yake. Mimi nilisimama kwenye pembe ya ukuta, sikatai. Seremala alipomwona akaweka msumeno chini. Akafuta kiti kwa kitambaa, kiti kizuri, cha mteja, akakisogeza. "Karibu, Mhandisi," akasema. Mtu aliyemwita kichwa tikiti tangu anatambaa. Akamsikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja. Akamshukuru kwa kuja. Akamwambia mama anaendelea vizuri na dawa zimesaidia. Halafu akamsindikiza mpaka barabarani, kama tunavyowasindikiza watu wa ofisini, na akarudi kwenye msumeno wake.

Afadhali angemtukana. Angemtajia kigoda, angemtimua na ubao, mimi ningejua bado tunaye. Mtu wako ndiye unayemtukana. Mgeni unamfutia kiti.

Chiriku alirudi uso umepata nuru kidogo. Akaketi jikoni, akavua viatu. "Hakunitukana hata neno moja, bibi," akasema.

"Nilisikia," nikamwambia.

Nikampakulia. Halafu nikaenda kumgeuza mama wa seremala, maana ule ubavu aliolalia ulikuwa umeshaanza kuwa mwekundu.